Zawadi inayokuomba feza kwanza si zawadi



Katika miji yetu ya machimbo kila mtu anajua maana ya kupata feza kwa ghafula. Leo mchimbaji anarudi mikono mitupu. Kesho anakutana na madini mazuri, na jioni anafika nyumbani na feza ya kulipa minerval ya watoto wote. Tumeyaona hayo kwa Kolwezi, kwa Likasi, kwa Kambove. Kwa sababu hiyo, kijana wa kwetu akisikia kwamba mtu fulani aliweka dolari 100 na akapata 200 siku ileile, hashangai sana. Anajisemea moyoni: "Pengine leo ni zamu yangu."

Ni kwa mlango huo wadanganyifu wanaingia. Siku hizi wanakuja kwa telefone, kwa jina la Bitcoin na feza nyingine za kripto. Wanasema kwamba tajiri fulani wa Ulaya au Amerika anagawanya feza yake bure. Unatuma kidogo, unarudishiwa mara mbili. Wengi katika dunia wamelia kwa sababu ya neno hilo, nao hawakuwa wajinga. Inafaa tujue namna uongo huo unavyofanya kazi, ili tuchunge nyumba zetu.

FEZA YA KRIPTO NI KITU GANI?

Ni feza isiyokuwa ya karatasi wala ya chuma. Haitoki kwa banki kuu ya inchi yoyote. Inaandikwa katika daftari moja kubwa ambalo maelfu ya kompyuta za dunia nzima zinalichunga pamoja. Bitcoin ndiyo ya kwanza, tena inajulikana kuliko zote. Ilianza mwezi wa kwanza wa 2009.

Watu wanasema "kuchimba Bitcoin". Sisi wa machimbo tunadhani kuna shimo na sururu. Hapana. Ni mashine zinazofanya hesabu mchana na usiku, zikila umeme mwingi. Mwenye mashine inayoshinda kwa hesabu anapata Bitcoin mpya. Hata katika Kongo yetu kazi hii ilifika: kwa Luviro, Kivu ya Kaskazini, mbuga ya Virunga iliweka mashine za namna hiyo mwaka wa 2020, zikitumia umeme wa maji. Basi Bitcoin yenyewe iko kweli. Si kila mtu anayeitaja ni mwizi.

Lakini kuna mambo mawili ambayo mwizi anayapenda sana katika feza hii.

La kwanza: ukikwisha kutuma, haiwezi kurudishwa. Hakuna shefu wa banki wa kumwendea, hakuna dirisha la kulalamikia. Yule aliyepokea peke yake ndiye anaweza kukurudishia, akipenda.

La pili: mahali unapotuma, yaani adresi, hapana jina la mtu. Ni mstari mrefu wa herufi na hesabu. Unaweza kuusoma toka mwanzo mpaka mwisho usijue kama mwenyewe ni tajiri wa Amerika ao kijana mmoja aliyejifungia chumbani.

UONGO UNAKWENDA NAMNA GANI?

Nguo zinabadilika, lakini mwili ni uleule. Unaona tangazo kwa Facebook, YouTube, Telegram ao kwa kikundi cha WhatsApp. Kuna picha ya mtu mkubwa anayejulikana. Wanasema anataka kushukuru wafuasi wake, ao anafanya sikukuu ya kampuni yake. Wanakupa adresi: tuma kiasi unachotaka, utapokea mara mbili. Na mwisho kuna saa inayohesabu: zimebaki dakika 30, zimebaki 20, fanya mbio!

Pembeni wanaweka orodha ya watu "waliokwisha kupokea". Orodha hiyo imetungwa na wao wenyewe. Chini kuna maneno ya shukrani: "Asante, nimepata yangu!" Hayo pia yameandikwa na mkono wa mwizi, kwa majina kumi tofauti.

Wengine wana akili zaidi. Unatuma dolari 10, kweli wanakurudishia 20. Unaruka kwa furaha, unaita ndugu zako. Kisha unatuma 200, na hapo mlango unafungwa. Ile 20 ilikuwa chambo. Mvuvi wa Lufira haogopi kupoteza mnyoo mmoja akijua atapata samaki.

Na kuna wale wasiokuomba kutuma kitu mwanzoni. Wanasema: "Umekwisha kushinda dolari 5,000." Ukitaka kuzitoa, wanakuambia ulipe frais ya kufungua konti, dolari 30. Ukilipa, inakuja takse. Ukilipa takse, inakuja feza ya hakikisho. Hakuna siku frais zitakwisha, sababu zile 5,000 hazikuwako hata siku moja.

SIKU WEZI WALIPOSEMA KWA KINYWA CHA WAKUBWA

Mtu anaweza kusema: "Mimi sitadanganywa, sababu ninaangalia kama konti ni ya kweli." Tusikilize yaliyotokea tarehe 15 mwezi wa saba 2020.

Siku hiyo, kwa mtandao wa Twitter (leo unaitwa X), watu waliona neno kwa konti ya Barack Obama, aliyekuwa presidenti wa Amerika. Neno hilo likaonekana pia kwa konti ya Joe Biden, ya Bill Gates, ya Elon Musk, hata ya kampuni ya Apple. Wote waliandika karibu jambo moja: ninataka kusaidia watu, nitumie Bitcoin kwa adresi hii, nitakurudishia mara mbili, kwa muda mfupi tu.

Konti zilikuwa za kweli. Majina yalikuwa ya kweli. Lakini mikono iliyoandika haikuwa yao. Wezi walikuwa wamepigia telefone wafanyakazi wa Twitter, wakajifanya watu wa kazi ya kompyuta wa kampuni hiyohiyo, wakawadanganya mpaka wakapata njia ya kuingia ndani. Wakagusa konti 130, na kwa 45 kati yake wakatuma maneno.

Kwa saa chache tu, watu walituma zaidi ya mara 400. Feza iliyoingia ilikuwa karibu dolari 118,000. Hasara ingekuwa kubwa zaidi: nyumba moja ya kuuza na kununua kripto, Coinbase, ilifunga njia ya adresi ile, na wateja wake zaidi ya 1,000 waliokuwa wanataka kutuma wakazuiwa. Feza yao ilikuwa karibu dolari 280,000.

Na kichwa cha kazi ile alikuwa nani? Kijana wa miaka 17 wa mji wa Tampa, kule Florida. Alikamatwa mwisho wa mwezi uleule, na mwaka wa 2021 akahukumiwa kifungo cha miaka mitatu.

Tunajifunza nini? Kwamba kuuliza "Je, konti hii ni ya kweli?" hakutoshi. Siku ile konti zilikuwa za kweli na neno lilikuwa la uongo. Ulizo la kuuliza ni lingine: feza inakwenda upande gani kwanza? Ikitoka kwangu kwenda kwake, hiyo si zawadi, hata ikiletwa na presidenti.

SURA INASEMA, LAKINI SI YEYE

Njia nyingine ni video. Wezi wanachukua maongezi ya zamani ya mtu anayejulikana, wanayaonyesha kwa YouTube kama vile anasema sasa hivi, na pembeni wanaandika adresi yao. Mwezi wa saba 2020, Steve Wozniak, mmoja wa wale walioanzisha kampuni ya Apple, alishitaki YouTube kwa tribinali ya California, pamoja na watu wengine waliopoteza feza, kwa sababu ya video za namna hiyo zilizotumia uso wake.

Tangu wakati huo mambo yamezidi. Leo kompyuta inaweza kutengeneza uso wa mtu ukisema maneno ambayo yeye hakusema, kwa sauti inayofanana kabisa na yake. Basi ile desturi ya kusema "mimi nilimwona kwa macho yangu na nikamsikia kwa masikio yangu" haitoshi tena.

Jina la Elon Musk ndilo wanalipenda sana. Tume ya biashara ya serikali ya Amerika, FTC, ilitangaza mwezi wa tano 2021 kwamba kwa miezi sita tu watu walioleta malalamiko yao walikuwa wametuma zaidi ya dolari milioni 2 kwa wezi waliojiita Elon Musk. Na hao ni wale waliosema. Wengi wananyamaza kwa haya.

WAZEE WANAKUMBUKA

Wasomaji wenye mvi hawahitaji mfano wa Amerika. Mwaka wa 1990 na 1991, wakati inchi yetu iliitwa Zaire, watu wa Kinshasa walipeleka feza yao kwa Bindo Promotion. Waliahidiwa kwamba baada ya muda mfupi watapata mara nyingi kuliko ile waliyoweka. Wa kwanza walilipwa, nao wakawa matangazo yenye kutembea kwa miguu. Kila mmoja akaita jirani yake. Walikuwa wanalipwa kwa feza ya wale waliokuja nyuma. Siku wageni walipopungua, yote ikaanguka, na jamaa nyingi zikabaki na karatasi mkononi.

Kuna tofauti moja. Kwa Bindo kulikuwa na mlango. Mtu aliweza kwenda kusimama mbele yake na kulia. Kwa adresi ya Bitcoin hakuna mlango.

Tuangalie upande mwingine likelemba ya mama zetu sokoni. Watu kumi wanajuana kwa uso na kwa nyumba. Kila mmoja anatoa dolari 20 kwa juma, na mwenye zamu anachukua 200. Hakuna anayepata hata franka moja zaidi ya ile aliyoweka, ila anaipata kwa mara moja, akiwa na kazi ya kuifanyia. Kila mmoja anajua ile 200 imetoka wapi. Basi ukiambiwa utapata mara mbili, uliza kama mama wa likelemba: ile mia ya pili inatoka wapi? Asipoweza kukujibu kwa maneno mafupi, chunga mia yako.

MAZUNGUMZO NYUMBANI

Tuseme, kwa mfano, kijana mmoja anarudi kutoka kwa rafiki zake na anamkuta mama yake anahesabu feza ya soko.

"Mama, ile makuta ya likelemba utapata juma hii, uniazimieko dolari mia moja."

"Ya kufanya nini, mutoto yangu?"

"Kuko tajiri moja wa Amerika, eko anagawanya Bitcoin. Unatuma mia, anakurudishia mia mbili. Leo tu, mpaka saa kumi na mbili. Haiko bongo, mama, batu beko banapata!"

"Ule tajiri eko na feza mingi?"

"Mingi sana! Eko kati ya batu ba kwanza ba dunia."

"Basi mia yangu anaitaka ya nini? Anitumie tu mia yake ya zawadi. Hii yangu aiache hapa kwa kitambaa."

"Ni ya kuhakikisha adresi yetu, mama."

"Wakati yaya yako alitutumiaka feza ya Noeli, alituombaka kwanza feza ya kuhakikisha namba?"

Kijana akanyamaza. Akafikiri kidogo, kisha akasema: "Hapana, mama. Aliombaka tu namba."

Mama huyu hajui Bitcoin. Hata kompyuta hakuigusa maisha yake yote. Lakini anajua soko, na anajua zawadi. Wapendwa, elimu hiyo inatosha kuokoa dolari mia.

ALAMA ZA KUJUA

Zikateni alama hizi na kuzibandika ukutani.

1. Wanakuomba kutuma kwanza ili upokee. Alama hii peke yake inatosha. Hata zingine zote zikikosekana, kimbia.

2. Wanaahidi mara mbili ao zaidi, bila kazi na bila hatari. Hata shimoni hakuna mawe ya namna hiyo.

3. Wanakuharakisha. Saa inahesabu, nafasi zinakwisha. Mwizi anajua kwamba ukilala usiku mmoja na ukimwambia mtu mmoja, utaamka na akili.

4. Wanakuomba maneno ya siri. Pochi nyingi za kripto zinafunguliwa na maneno 12 ao 24. Yule aliye na maneno hayo ndiye mwenye feza. Hakuna zawadi, hakuna msaada, hakuna shefu anayestahili kuyajua. Ni sawa na kode yako ya M-Pesa ao ya Airtel Money: humpi mtu.

5. Wanakuambia usimwambie mtu, ao wanakuambia uite watu kumi. Yote mawili ni mabaya. Kwa la kwanza wanakutenga, kwa la pili wanakutuma uwaibie rafiki zako.

Na tuseme neno juu ya vikundi vyetu. Mdanganyifu anapenda kupita kwa watu wanaoaminiana: kikundi cha koro, cha vijana, cha wamama. Anampigia mmoja na kumwomba kode ya tarakimu sita iliyofika kwa telefone yake. Huyu akiitoa, konti yake ya WhatsApp imekwisha kuibiwa. Kesho yake kikundi kizima kinasoma, kwa jina la ndugu tunayemjua: "Nimepata mara mbili, nanyi jaribuni!" Kabla ya kuamini, mpigie kwa sauti, ao mwendee nyumbani. Nyumba haiko mbali. Hata jina la mchungaji likiandikwa chini ya tangazo la namna hiyo, mwuliye yeye mwenyewe uso kwa uso.

KAMA UMEKWISHA KUTUMA

Usitume tena. Mtu aliyepoteza 100 anajaribiwa kutuma 50 "ili kufungua" zile 100. Atapoteza 150.

Usifute kitu. Chunga maneno yote waliyokuandikia, piga picha ya ekrani, andika siku, saa, adresi na namba za telefone. Kama ulitumia M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money ili kununua kripto ao kulipa mtu, julisha kampuni mara moja. Dakika za kwanza zina maana kubwa. Kama ulitoa yale maneno ya siri, fungua pochi mpya na hamishia humo kilichobaki, leo, si kesho.

Peleka malalamiko kwa polisi ao kwa parke. Kongo ina sheria ya mambo ya kidijitali, Code du numérique, ya tarehe 13 mwezi wa tatu 2023, ambayo ina sehemu ya makosa yanayofanywa kwa kompyuta na telefone. Hatuahidi kwamba feza itarudi; mara nyingi hairudi. Lakini alama ulizochunga zinaweza kuzuia mwizi asipige mlango wa jirani.

Na ujue hili: baada ya siku chache atakuja "mtaalamu" anayesema anaweza kukurudishia feza yako, ukimlipa kwanza. Huyo ni mwizi wa pili, na mara nyingine ni yule wa kwanza aliyebadilisha shati. Ulizo ni lilelile: feza inakwenda upande gani kwanza?

KWA WAZAZI, KWA VIJANA

Vijana, kujifunza mambo ya kompyuta ni vizuri. Inchi yetu inawahitaji watu wanaoyajua. Mtu anayetaka kufahamu Bitcoin anaweza kusoma na kuuliza miezi mingi bila kutuma hata franka moja. Anayekuambia kwamba hakuna wakati wa kujifunza, hataki ujifunze.

Wazazi, mtoto akikuambia kwamba amepoteza feza ya masomo, msikilize kwanza. Mkimcheka mbele ya jirani ao kumpiga, safari nyingine ataficha, na ataenda kukopa ili arudishe kile alichopoteza. Hapo deni moja linazaa madeni matatu. Wadanganyifu wanaishi kwa haya yetu. Nyumba ambamo mtu anaweza kusema "nilidanganywa" bila kuogopa ni nyumba ngumu kuibia.

Tamaa mbele, mauti nyuma, ndivyo wazee walivyosema. Lakini si tamaa peke yake inayowaingiza watu katika mtego huu. Mara nyingi ni mshahara usiofika, ni mgonjwa wa hospitali, ni mtoto aliyefukuzwa darasani. Kwa hiyo tusaidiane kwa feza ndogo tunayoijua, ili mwenye shida asiende kuitafuta kwa tajiri asiyekuwako.

MAULIZO YA KUZUNGUMZA PAMOJA

1. Katika jamaa yetu, ni nani tunayeweza kumwuliza kabla ya kutuma feza kwa mtu tusiyemjua?

2. Kwa nini likelemba inadumu, na kwa nini Bindo ilianguka?

3. Kama konti ya rafiki yako ikileta habari ya kupata mara mbili, utafanya nini kwanza?

4. Ni tangazo gani la namna hii ulikwisha kuliona kwa telefone yako? Lionyeshe wengine, mtafute pamoja alama zake.